Ufunguo Ulioandikwa Magulio

Jumatatu, 3 Machi

Ombi la tatu kati ya kumi na moja. Nimelimaliza saa nne asubuhi. Mvua haijakatika tangu jana. Umeme umekatika mara mbili na kurudi. Vidole vimekufa ganzi.

Naandika hapa ili kichwa kisichanganye mambo. Chama chetu cha wakulima wa chai kinahamisha programu zake kwenda kwenye klasta mpya, kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja. Kila programu ndani ya kontena lake, makontena yote kwenye wingu la kukodi. Kila programu inataka ufunguo wake wa kuingilia winguni. Njia ya mkato ipo: unaikabidhi programu ya kusakinisha ufunguo mkuu, nayo inachonga funguo ndogo yenyewe. Chapuchapu. Lakini ufunguo mkuu unabaki humo ndani, na mwizi akiingia siku moja anaukuta umemngoja. Meneja wa mifumo, aliyeko Dar, amekataa. Kwa hiyo tunafanya kwa mkono. Nasoma ombi la kila programu, nafungua akaunti yake, naipa ruhusa inazozihitaji na si zaidi, natoa ufunguo, unawekwa kwenye faili. Jina la faili lazima liwe lile lile programu inalolitafuta. Ukikosea herufi moja, programu inabaki mlangoni.

Tena sharti lingine. Mtu mmoja asifanye yote. Mimi natengeneza funguo, Mama Sekela wa masijala anaandika majina ya mafaili, kisha mimi nahakiki na kusaini.

Kazi ya kukaa kimya. Inanifaa. Miezi saba hapa Tukuyu na sijapata mtu wa kumtembelea. Nina upweke. Nimeliandika neno hilo, basi, lisinisumbue tena wiki hii.

Jumanne, 4 Machi

Maombi manne leo. La mizani lilitaka ruhusa ya kufuta kumbukumbu. Mizani inafuta kumbukumbu kwa nini? Nimeinyima.

Mama Sekela amekuja na bakuli la mbalaga, ndizi zimepikwa na maharage hadi zimelainika. Hakuniuliza kama nina njaa. "Kula, mwanangu. Mtu hali kompyuta." Ana miaka hamsini na nane. Anavaa sweta la kijani siku zote na anapiga mihuri kwa nguvu utadhani karatasi imemkosea.

Ananicheka ninavyoogopa baridi. Kwetu Iramba mvua ikinyesha siku tatu mfululizo watu wanaanza kuulizana kulikoni. Hapa wanaulizana ikikatika. Aliniambia nisinunue tangawizi dukani, ninunue gulioni kwa mwanamke mmoja aliye pembeni mwa wauza parachichi. Soko la mjini analiita gulio. Nikaona ni Kiswahili cha zamani, kinapendeza.

Ndiye mtu pekee niliyeongea naye leo mambo yasiyo ya kazi. Dakika ishirini.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kuandika majina. Mimi kwenye meza yangu na funguo, yeye kwenye yake na orodha. Namsomea, anaandika, ananisomea tena. Polepole, kwa kidole kimoja, lakini hakosei. Programu saba za klasta yenyewe, halafu nne za chama: mizani, usafiri, shamba, masoko.

Tulipofika ya nane dada yangu akapiga simu kutoka Kiomboi. Huwa anapiga Jumapili tu, nikashtuka. Kumbe alitaka kunisimulia harusi ya binamu yetu ambayo sikwenda. Nilitoka koridoni. Nilikaa muda. Niliporudi Mama Sekela alikuwa ameshamaliza peke yake kwa kufuata orodha.

Nimesaini fomu. "Nimehakiki majina yote."

Ijumaa, 7 Machi

Tumeanza kusakinisha saa tatu. Ilichukua dakika hamsini. Mashine zikaamka moja baada ya nyingine. Kijani. Kijani. Nilikuwa nimesimama bila kujua.

Kumi ziko hai. Ya masoko imekwama. Inasema haijapata ufunguo wake. Nimeizima na kuiwasha. Nimesoma ruhusa zake mara tatu. Ziko sawa. Meneja amenipigia na kuniuliza, kwa sauti ile ya upole inayoudhi, kama nahitaji mtu wa kuja kunisaidia.

Sihitaji mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeona.

Hakuna faili linaloitwa masoko. Lipo linaloitwa magulio. Jina hilo halimo kwenye orodha wala kwenye ombi lolote. Limeandikwa Alhamisi kutoka akaunti ya Mama Sekela, wakati ule nilipokuwa koridoni.

Nimekasirika kupita kiasi. Siku nzima nimejiona mjinga mbele ya Dar kwa sababu mtu ameamua kuandika neno analolipenda yeye. Orodha ilikuwa mbele yake! Imechapwa kwa herufi kubwa!

Kurekebisha ni dakika moja. Lakini mwongozo unasema jina lisilo kwenye orodha ni tukio la usalama: usiguse, toa taarifa. Nimetoa taarifa. Nimeandika jina lake kamili na saa aliyoandika. Sikuandika kwamba mimi ndiye niliyesaini.

Kumpigia sikumpigia. Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyofundishwa. Nilikuwa na hasira.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Nyimbo karibu zote Kinyakyusa. Nafumba na kufumbua mdomo.

Nimefua. Hazikauki.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya.

Meneja aliagiza tuwe wote watatu kwenye simu, spika imewekwa mezani kwangu. Mama Sekela alikuja na sweta lake, akanisalimu, "Ugonile, mwanangu," akaketi. Hakujua anaitiwa nini. Sikumwambia.

Meneja alimuuliza kama ni yeye aliyeandika faili la magulio. Akasema ni yeye. Akamuuliza orodha ilikuwa na jina gani. Akasema, lile la idara.

"Litaje, mama."

Akaivuta mikono ya sweta ikafunika vidole.

"Siwezi kulitaja."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote fiwili," akasema, Kinyakyusa kikimponyoka.

Nilitazama meza. Meneja akasema faili hilo linafungua mikataba ya wanunuzi wote wa chai, mtu kalificha kwa jina lisilojulikana, na sasa anakataa kujieleza. Yeye afikiri nini? Akauliza mara ya tatu. Mama Sekela alinitazama mimi badala ya simu. Muda mrefu. Nadhani alikuwa ananingoja niseme kitu. Sikuwa na cha kusema, au nilikuwa nacho, ile saini, nikakikalia.

Amesimamishwa kazi hadi Ijumaa watakapoamua. Akaunti yake imefungwa. Amebakiza miaka miwili astaafu na wanaweza kumfukuza. Alivua funguo za makabati ya masijala kutoka kwenye kamba ya shingoni, akaziweka juu ya kibodi yangu, akaondoka.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna aliyeingia ofisini kwangu. Kwenye ngazi watu wanasema "habari" na kupita kabla sijajibu. Wanajua jambo, nami silijui. Mhasibu alinyamaza nilipoingia jikoni kuchemsha maji.

Nimekula mkate mkavu. Nimeogopa kitu nisichokielewa.

Jumatano, 12 Machi

Meneja anataka nakala ya barua ya kusimamishwa ikiwa na saini ya Mama Sekela. Nikaenda mwenyewe nyumbani kwake, Kawetele. Ningeweza kumtuma mtu. Sijui kwa nini nilienda, labda nilitaka anigombeze, yaishe.

Njia tope tupu. Viatu nimevibeba mkononi nusu ya safari. Niliuliza kwa Mama Sekela, nikaonyeshwa nyumba ya bati jekundu kati ya migomba. Sekela mwenyewe alikuwa barazani ananyonyesha. Ni msichana mkubwa, ana uso wa mama yake. Alinipa kigoda bila kutabasamu. Mama alikuwa nyuma anachuma mboga.

Akatokea na beseni, akaniona, akasimama. Kabla hajasema kitu, mtu akakohoa kule njiani. Mara mbili, kwa makusudi. Mama Sekela aliangusha beseni. Akavuta kanga ikamfunika kichwa chote, akaingia katikati ya migomba, akachutama huku ameipa njia mgongo, uso karibu na udongo. Mwanamke wa miaka hamsini na nane. Nilidhani anaumwa. Nilitaka kumkimbilia, Sekela akanishika mkono.

Kwenye njia akapita mzee sana, na fimbo na kofia ya sufu. Naye alikuwa ameugeuza uso upande wa pili. Aliiacha njia fupi ya uani, akazungukia kwenye kahawa, kwenye utelezi, polepole. Nikamwamkia. Akaitikia bila kugeuka. Alipotokomea ndipo mama alipoinuka na kuanza kuokota mboga.

Nikamuuliza Sekela ni nani.

"Babu. Baba yake baba. Babu Masoko."

Alizaliwa kule kijiji cha Masoko, wakampa jina la kwao. Sekela analitaja bila shida, yeye ni mjukuu. Mama yake ni mkwe. Mkwe hamwangalii baba mkwe, hakutani naye njiani, hali naye. Jina lake halitamki, wala neno linalofanana nalo. Ukutila, ndivyo wanavyoita. Heshima. Vijana wengi wameacha. Mama yake hajaacha, miaka thelathini na mmoja.

"Hata soko?" nikauliza.

"Hujawahi kusikia anasema gulio?"

"Hata kuandika?"

"Anasema mkono ukiandika, moyo umeshatamka."

Nikauliza kwa nini basi hakutueleza siku ile kwenye simu. Sekela aliniangalia kama mtoto mzito wa kuelewa.

"Angeelezaje, dada, bila kulitaja?"

Mama Sekela akaja akakaa. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nimepata tangawizi. Barua sikuitoa kwenye mkoba. Nimerudi nayo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeingia masijala kwa funguo zake. Kabati la tatu. Majalada ya Idara ya Masoko tangu alipoajiriwa, yote kwa mwandiko wake: Magulio, 1. Magulio, 2. Yako ishirini na sita. Wahasibu wanayatumia, madereva wanayatumia, mwenyekiti anayatumia. Jengo zima linajua kwamba magulio ndiyo masoko, na kwa nini. Mimi nimefanya kazi mlango wa pili kwa miezi saba na sijawahi kufungua kabati hili, kwa sababu karatasi naziona za watu waliochelewa.

Nilimuuliza mhasibu mbona hakuniambia Jumanne. "Wewe hukuuliza. Uliandika ripoti."

Majuto ni mjukuu.

Nimemwandikia Meneja. Barua ya kwanza ilieleza mila, majalada, kila kitu, ikaishia hapo. Ilikuwa nzuri. Nikaisoma na kuona kwamba humo ndani mimi nimetokea mwokozi. Nikaifuta. Ya pili inaanza hivi: Nilisaini kwamba nimehakiki majina yote. Sikuhakiki matatu ya mwisho. Ningehakiki, ningemuuliza palepale, na hakungekuwa na tukio.

Nilikaa na barua hiyo saa nzima. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja na unaisha Julai. Naogopa kurudi nyumbani bila kazi, watu waseme hata Tukuyu amefukuzwa. Nimeituma saa kumi kasorobo. Nikachungulia dirishani. Ukungu, hata mnara wa simu hauonekani.

Ijumaa, 14 Machi

Kikao cha simu. Mwenyekiti wa chama alikuja mwenyewe na jalada kwapani, Magulio 26. Alimwambia Meneja kwa ufupi kwamba mama huyu hajaficha kitu, ameandika jina ambalo chama kinalitumia tangu yeye mwenyewe hana mvi. Meneja si mtu mbaya. Akauliza ni nini kinawezekana kiufundi.

Nikasema jina programu inalolitafuta ni sisi tuliolichagua. Wingu halijali. Naweza kuliacha faili lilivyo na kubadilisha ombi, programu itafute magulio.

"Mradi pande zote mbili zilingane," akasema.

Mama Sekela anarudi Jumatatu, akaunti yake inafunguliwa, barua ya kusimamishwa imefutwa. Mimi nimepewa onyo la maandishi. Kuanzia sasa mhakiki wa pili atakuwa mtu wa Dar. Sawa. Nimestahili.

Nilimpigia Mama Sekela kumpa habari. Akasema, "Ndaga." Asante. Nikamwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua nyepesi. Amekuja saa moja na nusu. Nikamrudishia funguo zake kwa mikono miwili. Karatasi ya kwanza aliyoikuta mezani kwake ilikuwa barua yangu ya onyo, inatakiwa kuwekwa kwenye jalada langu. Aliisoma yote nikiwa nimesimama mlangoni. Akaipiga muhuri, safari hii taratibu, akaiweka.

Halafu akaniita niketi. Akaniambia habari ya nyumbani. Yule mzee alisikia kwamba mke wa mwanawe amesimamishwa kazi kwa ajili ya jina lake. Hakulala siku mbili. Jumamosi akamtuma bibi aje na ujumbe: amemfungulia. Alitamke, aliandike, asipoteze kazi kwa ajili ya mzee anayengoja kufa.

Nikasema, nimefurahi, ni mzee mwema.

"Ni mwema fijo, mwema sana. Nimekataa."

Nikamuuliza kwa nini.

"Tangu niolewe nalilinda. Nikimpa mashine, mimi nitabaki na nini cha kumpa yeye?"

Akainuka kwenda kufungua makabati.

Nikarudi kwenye meza yangu. Nikabadilisha ombi, neno moja. Nikaiwasha. Ilichukua kama dakika mbili, ikaukuta ufunguo, ikaingia. Kumi na moja zote ziko hai. Nimeandika Dar kwamba usakinishaji umekamilika, wakajibu "safi sana." Toleo jipya litakapotoka itabidi nisome maombi yote upya kwa mkono, kama kuna yaliyobadilika.

Hakuna aliyepita ofisini mchana. Nilikaa nikiwaza huyo mwanamke, miaka thelathini na mmoja anazunguka jina la mtu mmoja, kwenye mazungumzo, kwenye majalada, njiani. Jina lake yeye mimi nililitunza miezi saba. Siku ya kwanza nilipokasirika nikaliandika kamili kwenye ripoti, na saa.

Saa kumi nimefunga mlango. Taa ya masijala ilikuwa inawaka bado. Nilisimama koridoni kidogo, nikamsikia anapiga mihuri, nikashuka ngazi.